Pointi Saba Bila Tachidauni

Wiki ile mwanangu alikuwa hasemi sana nyumbani. Anacheza futiboli ya Kimarekani, na kocha wa shule alikuwa amemtoa kwenye kikosi cha kushambulia, kile kinachobeba mpira, akampeleka kwenye ulinzi. Alikuwa na miaka 14 na aliona kama ameshushwa cheo. Mimi kule Uvira, Kongo, nilicheza beki miaka sita, kwenye kiwanja cha mchanga karibu na ziwa, kwa hiyo uchungu wake niliujua. Ukizuia mara kumi, watu wanasema ni kazi yako. Ukikosea mara moja, mtaa mzima unakukumbuka.

Mwenzangu wa kazini alinipa tiketi mbili za mechi ya kwanza ya msimu, Iowa na South Dakota State, timu za vyuo vikuu hapa Marekani, Jumamosi ya tarehe 3 Septemba 2022. Tulikwenda Kinnick, uwanja wa Iowa, kwa miguu. Njiani kijana akaniambia, "Baba, ulinzi haufungi." Sikuwa na jibu.

Mtu aliyekulia kwenye mpira wetu wa miguu huchukua muda kuzoea kwamba huku timu moja ni timu mbili. Washambuliaji wanaingia, wakishindwa wanatoka wote, na walinzi wanaingia wote. Ukiwa na mpira unapewa majaribio manne kuusogeza yadi 10. Ukiona hutafika, unaingiza mtu wa kuupiga mbali kwa mguu, ili wenzako waanze safari yao kutoka mbali. Kazi hiyo kwa Iowa ilikuwa ya Tory Taylor, kijana kutoka Australia. Siku ile aliifanya mara 10, na hiyo peke yake inakwambia washambuliaji wetu walivyoteseka.

Robo ya kwanza ilipokwisha, uwanja mzima uligeuka kuelekea hospitali ya watoto iliyo ng'ambo ya barabara, watu wakawapungia mikono watoto wagonjwa walio madirishani juu. Desturi hiyo ilianza 2017. Nilipunga mikono yote miwili. Mwanangu naye akapunga, na ndiyo mara ya kwanza siku ile nilimwona akitabasamu.

Mapumziko yalifika 3 kwa 3. Washambuliaji wa Iowa walizomewa na watu wao wenyewe. Kando yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia nyeusi, na kila mpira wa Iowa ulipokwama alifumba macho na kusugua magoti. Mimi niliwatazama walinzi. Waliingia, wakazuia, wakatoka, hata maji hawajamaliza wanaitwa tena. Najua miguu inavyokuwa wakati kama huo. Mapaja yanakuwa mazito, unaanza kufika ukiwa umechelewa nusu hatua, na nusu hatua ndiyo goli. Mshambuliaji anayeshindwa kukaa na mpira anamnyima beki wake pumzi. Hilo ni kweli huku kama lilivyo kweli kule Uvira.

Halafu ikaja robo ya tatu. South Dakota State walikuwa wamebanwa karibu kabisa na mstari wao wa goli. Mbebaji wao akapokea mpira, akatafuta mwanya, na Jack Campbell, mlinzi wa katikati, akamkamata akiwa bado nyuma ya mstari huo, ndani ya eneo la goli la timu yake mwenyewe. Mwamuzi akaunganisha viganja juu ya kichwa. Sikuelewa. Nikamgeukia mwanangu, naye alikuwa amesimama juu ya benchi.

"Ni pointi mbili, Baba! Akiangushwa mule ndani, wanaozuia ndio wanapata!"

Mzee wa kofia nyeusi alimshika bega kijana wangu, akalitikisa kama anamjua tangu utotoni. Maelfu ya watu walikuwa wanapiga kelele kwa ajili ya mabeki. Nilijikuta koo limekaza.

Robo ya nne jambo lilelile likarudi: Joe Evans, mlinzi mwingine wa Iowa, alimwangusha kotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, ndani ya eneo lake. Mbili tena. Mechi ikaisha 7 kwa 3, na katika hizo saba hakuna tachidauni hata moja, yaani kuufikisha mpira ndani ya eneo la goli la wapinzani. Tatu zilitokana na mpira uliopigwa kwa mguu kupita kati ya nguzo, nne zilitoka mikononi mwa walinzi.

Sisemi kwamba hivyo ndivyo timu inavyotakiwa kuishi. Mwaka uliofuata ulinzi huohuo uliwafikisha Iowa fainali ya Big Ten, ligi yao ya vyuo vikuu, wakafungwa na Michigan 26 kwa 0. Mlinzi anaweza kukufikisha mlangoni. Kuufungua kunahitaji mtu wa kufunga. Mwanangu alinikumbusha hilo usiku ule wa Desemba, na alikuwa sahihi.

Lakini Jumamosi ile, tulipotoka, hakutaka twende nyumbani moja kwa moja. Kwenye nyasi kando ya maegesho aliburuza kiatu akachora mstari, akanisimamisha mbele yake na chupa ya maji kwapani. "Shika vizuri, Baba." Akashusha kiuno, akanizungushia mikono, akanisukuma polepole, kisigino changu kikavuka mstari, kisha cha pili.

"Mbili," akasema. "Rudi, tuanze tena."