Umeshika namba ngapi?

Tangu nianze kukimbia mbio za baiskeli hapa chuoni swali ninalokutana nalo kila mahali ni hilohilo, umeshika namba ngapi. Hosteli, namba ngapi. Dada anayetuuzia mihogo nje ya geti, namba ngapi. Nikimpigia mama Muheza ndo kabisa, shikamoo mama, marahaba mwanangu, haya niambie umeshika ngapi. Jibu langu karibu mara zote ni namba za huko nyuma, ishirini na ngapi huko, na nikishajibu naona mtu ananionea huruma, ananiambia usijali mdogo wangu na wewe siku yako itafika. Sasa mi siku yangu ilishafika, tena nyingi tu, na leo Jumamosi miguu imechoka na asaimenti nimeshatuma basi nimeona niandike ilivyo, maana nikieleza kwa mdomo sifiki katikati mtu keshanikatisha.

Kazi yangu kwenye timu ni kukaa mbele kwenye upepo. Ndo kazi niliyopewa na ndo kazi ninayoipenda.

Kwa asiyeijua Tanga, huu ni mji wa baiskeli toka zamani. Mji wenyewe tambarare, ukiingia Ngamiani barabara zina namba na zimenyooka zote, na baiskeli ni ya kila mtu, mzee anayewahi msikitini, mtoto wa shule, muuza samaki anayetoka Deep Sea na tenga lake nyuma, mama anayerudi sokoni dera kalikusanya vizuri lisinaswe na spoku. Mwanamke kupanda baiskeli hapa si habari. Nilipotoka nyumbani kuja kuanza chuo hicho ndo kitu cha kwanza nilichokipenda, napita na baiskeli yangu na hakuna anayegeuza shingo. Kinachowashangaza watu kidogo ni spidi na zile kaptula za kubana, na mimi la kaptula nilishalimaliza, navaa taiti ndefu, jezi ya mikono mirefu na mtandio mwepesi chini ya helmeti, maisha yanaendelea.

Ila kuendesha baiskeli na kukimbia mbio ni vitu viwili tofauti na kinachovitofautisha ni hewa. Ukiwa unaenda dukani taratibu hewa huisikii. Ukifika spidi ya 35 kwa saa hewa ndo inakuwa mpinzani wako mkubwa, sehemu kubwa kabisa ya nguvu za miguu inaishia kuipasua tu, na hesabu yake ni kali, ukitaka spidi iwe mara mbili basi nguvu ya kupambana na hewa inatakiwa mara nane. Ndo maana mtu hata awe na mapafu ya namna gani, peke yake hafiki mbali. Lakini ukijificha nyuma ya mwenzio, tairi lako na lake vimeachana nusu mita hivi, unaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu zako. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Eindhoven kule Uholanzi walipima kundi la waendeshaji 121 wakakuta wale walio ndani kabisa ya kundi wanapata asilimia 5 mpaka 10 tu ya ukinzani wa hewa anaoupata mtu akiwa peke yake. Yaani mtu yuko kwenye mbio na karibu hakuna upepo! Niliposoma hiyo niliiwaza siku nzima, maana upepo haujaondoka, uko palepale, ni kwamba kuna mtu mbele kaubeba.

Siku zetu za kawaida zinaenda hivi. Naamka kabla ya adhana, nikishaswali nakunywa chai ya rangi na kipande cha muhogo cha jana, tunakutana barabarani bado kuna kiza. Tunawahi kwa sababu ya maroli na kwa sababu ya upepo, vyote viwili vinaamka jua likishapanda. Katikati ya wiki ni Pongwe na kurudi, tunarudia mara mbili kama miguu inakubali, saa moja na nusu tunaoga haraka haraka, saa mbili lekcha. Usingizi wa saa nne darasani nauomba Mungu tu aniondolee. Jioni ni kusoma, kufua jezi, na kupaka cheni mafuta, hili la cheni usilichukulie poa kwa mtu anayekaa karibu na bahari, chumvi ya hapa inakula chuma usiku ukiwa umelala. Fundi wetu Ngamiani, mzee anayetuita wajukuu, alitufundisha kutumia mafuta ya cherehani, kidogo tu halafu unafuta kwa kitambaa kikavu, na mpaka leo cheni yangu haina kutu. Baiskeli zenyewe ni mtumba wa Japani, fremu za chuma. Sheria za mbio za kimataifa zinakataza baiskeli iliyo chini ya kilo 6.8, sisi sheria hiyo haitutishi hata kidogo maana ya kwangu ukiibeba kwa ngazi mpaka ghorofa ya pili unajua umebeba kitu. Lakini inakwenda, naipenda sana.

Jumamosi ndo siku ya masafa na hapo ndo upepo unapofundisha.

Sasa hivi tuko kwenye kusi, upepo wa msimu unaotoka kusini. Barabara ya Horohoro inaelekea kaskazini kwa hiyo ukienda kusi inakusukuma mgongoni, unapita Amboni, unapita mashamba ya mkonge, gia kubwa na pumzi hazikusumbui, na kila mgeni anayejiunga na sisi miezi hii anaamini amekuwa bingwa. Kasheshe ni kugeuza. Ukishageuza ndo unajua nani alikuwa anaendesha na nani alikuwa anaendeshwa na kusi. Kaskazi ikishaingia kule mwisho wa mwaka mambo yanageuka, unateseka kwenda unastarehe kurudi, mi kwa hilo napenda kaskazi zaidi hata kama joto lake linaua.

Barabara ya Muheza ndo ina somo gumu kuliko zote. Ile inaelekea magharibi, kusi inakupiga ubavuni, na upepo wa ubavuni haukingwi kwa kukaa nyuma ya mtu moja kwa moja, inabidi mkae mshazari, kila mmoja kasogea kidogo upande usiko na upepo. Tukiwa tunarudi Tanga upepo unatoka kulia, kwa hiyo kivuli cha upepo kiko kushoto, na kushoto kwetu ndo ukingo wa lami, baada ya hapo ni kokoto na majani. Sasa fikiria, aliye mbele akijibana kushoto kabisa yeye yuko salama na maroli lakini wote walio nyuma hawana pa kujificha, kila mtu anapigwa na upepo wake. Akisogea kuelekea katikati ya barabara anawapa wenzie nafasi mbili tatu za kupumzika lakini yeye ndo anakuwa jirani na matrela. Kwenye mbio barabara ikiwa imefungwa kuna timu zinafanya hilo la kujibana kwa makusudi ili kuwachosha wapinzani, na ni mbinu halali. Kwenye mazoezi sisi tumekubaliana watu wawili tu mshazari, wengine mstari mmoja wasubiri zamu, na wa mwisho anasikiliza magari. Akisema "roli" tunarudi wote ukingoni bila ubishi. Mimi nikiwa mbele hapo naijua kila sentimita ya ile lami, najua wapi imemeguka, naonyesha shimo kwa mkono, nikitaka kupokelewa napepesa kiwiko na kusogea pembeni. Dakika ngapi nimekaa mbele hakuna anayeandika popote. Lakini wa nyuma yangu anajua, pumzi yake inamwambia.

Kapteni wetu ndo mwenye mbio za mwisho. Yeye akifikishwa mita mia mbili za mwisho akiwa mzima hana mpinzani katika wasichana ninaowafahamu mimi. Shida ni kumfikisha mzima, na hapo ndo kazi yetu sote ilipo.

Kuna mbio tulikimbia za mizunguko hapahapa mjini, mama akaja kutoka Muheza kuniona, kaja na mfuko wa machungwa maana Muheza na machungwa huwezi kuvitenganisha. Kasimama pale tunapopita kila mzunguko. Kuna wasichana wawili walikuwa wametoroka mbele mapema na mimi ndo nilipewa kuwarudisha, kwa hiyo kila kundi likipita mama ananiona mimi ndo wa kwanza kwenye kundi, anapiga vigelegele, anawaambia waliosimama naye huyo mwanangu huyo, mzunguko unaofuata tena mimi mbele, vigelegele tena. Tukawakamata wale wawili, nikazidi kuvuta mpaka kilomita ya mwisho, nikapepesa kiwiko, nikasogea pembeni, miguu ikawa imekwisha kabisa, wote wakanipita. Kapteni akachukua ushindi. Mama mstarini anaona wanaingia wengine mimi simo, akaja anakimbia akidhani nimeanguka. "Nani kakuchomekea mwanangu?" Nikamwambia hakuna mama, nimemaliza kazi yangu. Akanitazama sana. Machungwa akatugawia wote na kapteni akampa makubwa zaidi, kwa heshima, kapteni naye akampokea kwa mikono miwili akamwambia mama hii zawadi ni ya mwanao. Mama mpaka leo hajakubali. Kwake mtu aliyekuwa mbele mizunguko yote hiyo halafu akamaliza nyuma kuna mahali kaonewa tu.

Na mimi simlaumu maana hata karatasi ya matokeo inakubaliana naye. Mi nasoma utunzaji wa kumbukumbu, kwa hiyo vitu hivi naviangalia kwa jicho la darasani. Karatasi ile ina safu tatu, nafasi, jina, muda. Darasani tunafundishwa kwamba kitu kisichowekwa kwenye kumbukumbu baada ya miaka ni kama hakikutokea, na mimi nikiishika karatasi ya mbio zile naona jina langu huko chini na hakuna popote panaposema nani aliwarudisha wale wawili. Ndo maana naandika hapa. Angalau pawepo mahali.

Septemba 2025 mbio za ubingwa wa dunia zilifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na mimi bando langu la mwezi liliishia huko bila majuto. Wanaume walikimbia kilomita 267.5 kwenye vile vilima vyao, walioanza walikuwa zaidi ya 160, waliomaliza ni 30 tu, Pogačar wa Slovenia akashinda. Wenzangu hosteli wakawa wanasema hao wengine wote wameshindwa. Hapana jamani. Wengi wao walikuwa na kazi ya mapema, kukimbiza waliotoroka, kumkinga kiongozi wao, kumfikishia maji, wakaifanya mpaka miguu ikaisha wakashuka kwenye baiskeli. Kwenye matokeo wanaandikiwa hawakumaliza. Au mchukue Kim Le Court wa Morisi, mwaka huohuo 2025 alishinda mbio za wanawake za Liège–Bastogne–Liège, halafu kwenye Tour de France ya wanawake akawa Mwafrika wa kwanza kuvaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza mbio. Huyo ni mtu wa bahari hii hii yetu. Nilipoona amevaa ile jezi nililia, na nilipotulia nikaanza kuwatafuta kwenye picha wasichana wa timu yake, nani alikuwa mbele yake kwenye upepo.

Mwaka huu tumepata mdogo wetu mpya, wa mwaka wa kwanza, anatokea Pongwe. Ana nguvu sijawahi kuona, katumwa sana na baiskeli tangu mdogo na ndoo za maji nyuma, mapaja ya chuma. Ila hajajua upepo bado. Leo kwenye njia ya Horohoro tukiwa tunarudi nimemweka nyuma yangu, nikamwambia usitazame tairi langu, tazama mgongo wangu, na usiguse breki ovyo. Kakaa vizuri kabisa. Zamu yake ikafika, nimesogea pembeni tu akafanya kinachofanywa na kila mgeni, kasikia yuko mbele akakanyaga kwa nguvu zote, akatuacha huko, mstari ukakatika vipande vitatu, tunampigia kelele taratibu! taratibu! upepo umejaa masikioni wala hasikii. Alipogeuka akakuta yuko peke yake, akasubiri, akauliza kwa adabu dada kwani nimekosea wapi mbona nilikuwa mbele.

Nimemwambia Jumanne tukienda Pongwe atakaa mbele tena, na hatatazama spidi, atasikiliza pumzi zangu nyuma yake, nikihema anapunguza, nikinyamaza anaongeza. Nimeshamwomba kapteni tumpe zamu ndefu. Sasa ngoja nikazibe tyubu ya nyuma, toka asubuhi inatoa upepo kidogo kidogo.