Bei ya kubandua

Kazi yangu ni stika za magari ya rali, hapa Industrial Area, Nairobi. Habari ya mdhamini kujiondoa hunifikia kabla haijafika gazetini, maana dereva hunipigia simu kuuliza bei ya kubandua. Akiuliza ya kubandua na ya kubandika kwa pamoja, kapata mwingine. Akiuliza ya kubandua peke yake, simalizi hata kumuuliza habari za nyumbani.

Stika iliyochomwa na jua msimu mzima haitoki kwa ukucha. Unapuliza hewa moto polepole, unavuta kuanzia pembeni, gundi inayobaki unaipangusa kwa petroli. Ukiharakisha, rangi inatoka nayo. Na hata ikitoka salama, jina bado linasomeka, kwa sababu rangi iliyokuwa chini ya herufi haikupauka kama ile ya pembeni. Kuna Subaru ya buluu niliyoibandua mimi mwenyewe, na mwaka uliofuata ilikimbia ikimtangaza bure mtu aliyekwisha kuacha kulipa. Mwenye gari hakuwa na pesa za kupiga rangi upya.

Mashabiki wanaokula vumbi kule Elmenteita hudhani pesa za mdhamini mkuu huingia mfukoni mwa madereva. Hapana. Mdhamini wa gari ni mmoja, mdhamini wa mashindano yote ni mwingine. Huyu wa pili ndiye hulipia vitu ambavyo hakuna anayevipigia makofi: ambulensi na daktari kwenye kila kipande cha mbio, redio za mawasiliano, vifaa vya kupima muda, chakula cha wasimamizi waliolala porini, kamera za televisheni. Akiondoka, ambulensi haipunguzwi, kanuni haziruhusu. Kwa hiyo kinachopunguzwa ni kilomita, au raundi nzima, na kinachopanda ni ada ya kuingia.

Ada ikipanda, anayeanguka kwanza si yule wa mbele. Wa mbele ana familia yenye biashara, au ana kampuni yake. Anayeanguka ni yule wa namba za mwisho mwenye gari kuukuu, ambaye navigeta wake, yule wa kumsomea njia, ni shemeji yake na mafundi wake wanalipwa nyama choma. Orodha ya washiriki inakonda kutoka mkiani. Halafu orodha ikikonda, mdhamini mpya anaitazama na kuuliza, hivi hapa nitaonwa na nani?

Ukitazama picha za zamani za Safari Rally, unaweza kukisia mwaka kwa kusoma bamba la mlangoni. Miaka ya themanini ni Marlboro. Mwanzoni mwa tisini, Martini. Mwaka 1994, Mkenya mwenzetu Ian Duncan aliposhinda na Toyota Celica na Patrick Njiru akamaliza wa nne kwa Subaru Impreza, bamba lilisema Trust Bank. Benki hiyo ilifungwa 1998. Sisi hulalamika mdhamini akiacha rali. Yule aliacha hata kuwa benki.

Pesa kubwa zilikuwa za sigara, na zilikuja kwenye magari kwa sababu zilifukuzwa kwingine. Marekani ilipiga marufuku matangazo ya sigara redioni na kwenye televisheni kuanzia Januari 1971. Mwaka huohuo sigara ya Winston ikaingia NASCAR, mbio kubwa za magari za huko Marekani, na kukaa hadi 2003. Subaru nyingine ya buluu, ile yenye 555 za njano ambayo Mskoti Colin McRae alishinda nayo hapa 1997, ilikuwa ikitangaza sigara. Namba hizo ziliondoka kwenye magari ya kiwanda baada ya msimu wa 2003, na sheria yetu ya tumbaku ya 2007 ikafunga mlango kabisa.

Kuna jambo ambalo watu wa nje hawalioni: mdhamini mkuu hafukuzi washindani wake kwenye soko tu, hufukuza mpaka kwenye milango ya magari. Mkuu akiwa benki, usitarajie benki nyingine ibandikwe kwenye boneti. Nextel, kampuni ya simu, walipochukua udhamini mkuu wa NASCAR 2004, kampuni nyingine za simu zilizokuwa kwenye magari ziliachwa zibaki, lakini hazikuruhusiwa kuongezeka. AT&T walipotaka kuweka jina lao badala ya Cingular, kampuni ya simu waliyoichukua, kwenye gari la dereva Jeff Burton 2007, ilibidi waende mahakamani, na mwisho wakaondoka baada ya msimu wa 2008. Basi mkuu anapoaga baada ya miaka mingi, wale aliowafungia mlango wameshazoea mpira wa miguu na riadha.

Safari iliondoka kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, McRae akiwa ameshinda mara ya tatu, safari hiyo kwa Ford Focus. Kilichosemwa ni fedha na maandalizi. Iliendelea kama rali ya Afrika, hadi ubingwa wa dunia uliporudi Naivasha 2021, Sébastien Ogier akashinda. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Focus alikuwa tayari na kitambulisho.

Iliporudi, mdhamini mkubwa alikuwa serikali, kwa mkataba wa hadi 2026. Serikali nayo ni mdhamini kama wengine: bajeti husomwa Juni, na wabunge hawali vumbi. Mimi ningependelea magari yajazwe stika ndogondogo za hadiwea, wauza matairi na mabucha, hata kama mmoja wao analipa kwa mafuta na mwingine kwa mbuzi. Kweli, kila stika ndogo ni kazi kwangu, kwa hiyo nina maslahi hapo. Ila mwenye bucha akijitoa, nabandua sentimita thelathini tu, na gari linakwenda.