Kwotabeki wa miaka 18: tumdai nini, na tumdai lini

Tarehe 30 Agosti 2025, Bryce Underwood alianza mechi yake ya kwanza akiwa kwotabeki, yaani mrushaji mkuu wa pasi, wa chuo cha Michigan katika futiboli ya Marekani, pale Ann Arbor. Kijana wa miaka 18. Alirusha pasi 31, zikafika 21, yadi 251, na New Mexico wakaondoka wamefungwa 34–17. Siku saba baadaye alikuwa Norman, ugenini kwa Oklahoma. Pasi 24, zilizofika 9, yadi 142, na Michigan wakalala 24–13. Mkono ulikuwa uleule. Hakuna anayesahau kurusha mpira ndani ya wiki moja. Kilichobadilika ni yale aliyoonyeshwa na walinzi waliosimama mbele yake, pamoja na muda aliokuwa nao wa kuyasoma.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu kila Agosti matarajio ya futiboli ya vyuo Marekani hupangwa kwa kuangalia mkono. Anafikisha mpira yadi ngapi, ana kasi gani, alikuwa wa ngapi kwenye orodha za wachezaji wa sekondari. Mkono wa kijana unaonekana hata mazoezini. Macho yake yanaonekana kwenye jaribio la tatu, ugenini, na msimu wake wa kwanza unaamuliwa hapo.

Kwa anayeanza kuufuatilia mchezo huu: timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, ikifanikiwa inaanza kuhesabu upya. Kwa kawaida jaribio la nne hutumika kuupiga mpira mbali au kulenga goli, kwa hiyo la tatu ndilo la kufa na kupona. Kwotabeki hupokea mpira kutoka kwa senta, mtu wa katikati kwenye safu ya mbele, kisha anampa mkimbiaji, anaurusha, au anakimbia nao mwenyewe.

Kazi yake inaanza kabla hajaugusa mpira. Saa ya mchezo humpa sekunde 40 tangu tukio lililopita limalizike. Tangu 2024 vyuo vya daraja la juu vinaruhusiwa kuweka redio ndani ya kofia ya mchezaji mmoja anayeshambulia na mmoja anayelinda, na kwa washambuliaji karibu kila mara huyo ni kwotabeki. Kocha anamtajia mpango. Sauti hukatwa zikibaki sekunde 15, na kuanzia hapo kijana yuko peke yake. Anahesabu walinzi wa nyuma kabisa: yupo mmoja katikati, au wamesimama wawili pembeni? Anamtaja mlinzi wa kati ambaye watu watano wa mbele watamtumia kama alama ya kugawana wapinzani. Anaamua ukuta huo wa watu watano uelekee kushoto au kulia. Anakagua kama wapokeaji wamesimama mahali pao. Kisha anaita mpira, na baada ya hapo ana kama sekunde mbili na nusu za kuona, kuamua na kurusha.

Makocha wa ulinzi wanaijua hiyo sekunde ya 15 vizuri kuliko mtu yeyote. Wanasubiri redio inyamaze ndipo wabadilishe sura. Unaona walinzi wawili nyuma, mpira unaanza, mmoja anashuka mbio mbele na mwenzake anabaki nyuma akihamia kati. Picha aliyoisoma kijana imeshakuwa ya zamani. Asipoisoma upya akiwa anarudi nyuma, atarusha mahali alipoona uwazi sekunde mbili zilizopita, na pasi nyingi zinazonaswa huzaliwa namna hiyo. Watazamaji husema amerusha ovyo. Mara nyingi amerusha vizuri kabisa, ila kwenye picha isiyokuwepo tena.

Kuna mtego mwingine unaowaumiza vijana kuliko huo. Walinzi sita wanasogea mstari wa mbele kana kwamba wote wanakuja. Kwotabeki amefundishwa kwamba watu wengi wakija, nyuma yao panabaki pengo, basi arushe haraka kwenye pengo hilo. Mpira unapoanza wanakuja wanne tu, na si wale wanne aliowategemea. Wawili wanarudi nyuma hatua tatu, wamesimama palepale alipofundishwa kurusha. Ukuta wake umegawana vibaya kwa sababu alama imetajwa vibaya, kwa hiyo watu wanne wa kawaida wanamfikia kama vile wamekuja saba. Brent Venables wa Oklahoma, ambaye mwaka 2025 alikuwa akiita mipango ya ulinzi mwenyewe, amejijengea jina kwa ufundi wa aina hii. Kumpeleka kijana wa mechi moja mbele yake na kutegemea takwimu za wiki iliyopita ni kutomtendea haki.

Kelele za ugenini zinaongeza mzigo. Uwanja wa zaidi ya watu 80,000 ukipiga kelele, sauti ya kwotabeki haiwafiki wenzake, kwa hiyo timu hutumia hesabu ya kimya. Gadi, mtu wa ukuta aliye kando ya senta, anageuka kumtazama kwotabeki, kwotabeki anainua mguu au mkono, gadi anamgusa senta, senta anatikisa kichwa, mpira unaanza. Walinzi nao wanakitazama kichwa hicho. Wakishaizoea hesabu, wanaondoka sambamba na mpira, na watu wa pembeni wa ukuta wanachelewa kidogo. Asipobadilisha mpangilio wa hesabu, atapigwa kutoka nyuma. Na mtu mmoja wa mbele akitikisika mapema, timu inarudishwa yadi 5: jaribio la tatu na yadi 3 linakuwa la tatu na yadi 8. Yadi 3 unaweza kukimbia. Yadi 8 inabidi urushe, na kila mtu uwanjani anajua.

Niseme na umbali, maana hapa watu hudanganywa na namba. Uwanja una upana wa futi 160, na kwenye vyuo mistari ya ndani ambako mpira huwekwa iko futi 60 kutoka kila upande. Mpira ukiwa mstari wa kushoto, ukingo wa kulia uko futi 100, yaani yadi 33. Pasi inayoandikwa kuwa ya yadi 12 kuelekea ukingo huo, ukijumlisha na yadi kama 6 alizorudi nyuma, inasafiri yadi 35 hivi hewani. Mwenye mkono wa wastani akiirusha kwa kuchelewa kidogo, beki anaingia katikati na kukimbia nayo hadi mwisho wa uwanja. Kwa hiyo kwa kijana, kujua asirushe upande mpana ni ufundi mkubwa kuliko kuweza kurusha.

Kocha mwenye busara hupunguza vitu vya kusoma. Njia inayotumika sana ni mchezo wa hiari: ukuta unafungua njia ya mkimbiaji, na kwotabeki anamtazama mlinzi mmoja tu. Mlinzi akipanda kumzuia mkimbiaji, mpira unarushwa nyuma yake. Akibaki, mkimbiaji anapewa. Sheria za vyuo zinausaidia mchezo huu, kwani watu wa ukuta wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele wakati wa pasi, ilhali NFL, ligi ya kulipwa, wanaruhusu yadi 1. Wapinzani wakishaitazama video ya mechi tatu au nne, wanaujibu kwa kumpandisha mlinzi wa nyuma achukue nafasi ya yule anayesomwa, na pasi iliyokuwa rahisi inakutana na mtu. Njia nyingine ni kumhamisha kwotabeki, akimbilie upande mmoja baada ya kujifanya anampa mkimbiaji. Hapo nusu ya uwanja inafutika na wanabaki wapokeaji wawili watatu wa kuchagua. Ya muhimu kuliko zote ni kukimbia vizuri jaribio la kwanza. Yadi 4 hapo zinaacha jaribio la pili na yadi 6, na walinzi hawajui kinachokuja. Timu inayokimbia yadi 1 jaribio la kwanza inamtupa kijana wake kwenye jaribio la tatu refu mara kwa mara. Halafu lawama zinamwangukia yeye.

Sasa takwimu. Alama ya kwotabeki wa vyuo hupatikana hivi: yadi mara 8.4, kila tachidauni (pasi iliyozaa bao kwenye eneo la mwisho la wapinzani) 330, kila pasi iliyofika 100, unatoa 200 kwa kila iliyonaswa, unagawa kwa idadi ya pasi. Chukua pasi 30, zimefika 18, yadi 210, tachidauni 2, iliyonaswa 1. Alama ni 134.1. Ile iliyonaswa ingeanguka chini tu, alama ingekuwa 140.8. Tofauti haifiki 7, wakati uwanjani pasi hiyo moja inaweza kuwa imekabidhi mechi kwa wapinzani. Mpira uliomponyoka mkononi hauhesabiwi kabisa. Tena kwenye vyuo, yadi zinazopotea kwotabeki anapoangushwa na mpira hukatwa kwenye hesabu ya kukimbia, si ya pasi. Kijana huyohuyo akiangushwa mara 6 na kupoteza yadi 45, yadi zake 210 zinabaki safi kwenye karatasi. Fanya hesabu mwenyewe: 210 toa 45 ni 165, gawa kwa 36, unapata yadi 4.6 kwa kila alipojaribu kurusha. Karatasi inasema 7. Kipimo changu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ni yadi 6 kwa hesabu hiyo ya pili, na isinaswe zaidi ya pasi moja katika kila 40. Asilimia ya pasi zilizofika naiweka nyuma, kwa sababu pasi fupi za pembeni huipandisha bila timu kusogea.

Watu watanitajia Trevor Lawrence, na wana haki. Mwaka 2018 Clemson walicheza mechi nne huku Kelly Bryant akianza, kisha Lawrence, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, akachukua namba. Timu ilimaliza imeshinda mechi zote 15, na kwenye fainali Alabama walifungwa 44–16, Lawrence akirusha yadi 347 na tachidauni 3. Lakini tazama alikuwa na nani. Nyuma yake alikimbia Travis Etienne, yadi 1,658 msimu ule. Kwenye safu ya mbele ya ulinzi walikuwepo Christian Wilkins, Clelin Ferrell na Dexter Lawrence, wote watatu wakachaguliwa raundi ya kwanza timu za NFL zilipogawana wachezaji wapya mwaka uliofuata. Ulinzi wa namna hiyo unampa kijana mpira karibu na goli na unamsamehe akikosea. Kabla hujampangia kijana wa timu yako matarajio ya Lawrence, hesabu kwanza watu waliomzunguka. Mimi huanza na ukuta: kama watu watatu kati ya watano ni wapya, napunguza ninachomdai kwotabeki hadi Oktoba.

Uvumilivu umekuwa mgumu kuupata. Tangu 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na kuanzia 1 Julai 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kikomo kikiwa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Kijana aliyekuja kwa fedha nyingi hadaiwi kama mwanafunzi tena. Nalielewa hilo, ila fedha haziongezi idadi ya mechi alizoona. Mazoezi ya masika ni siku 15 tu, na msimu ukianza sheria inawaruhusu saa 20 za shughuli za timu kwa wiki. Ndani ya muda huo ndimo anamojifunza mpango wa wapinzani wapya kila Jumamosi.

Kumweka benchi kijana aliyezidiwa si kumzika. Jalen Hurts alianza Alabama akiwa mwaka wa kwanza, 2016, na timu ikafika fainali. Fainali ya msimu uliofuata, 8 Januari 2018, alitolewa mapumziko akaingia Tua Tagovailoa, naye mwaka wa kwanza, aliyeshinda mechi 26–23 katika muda wa nyongeza kwa pasi ya yadi 41 kwenda kwa DeVonta Smith. Hurts baadaye alihamia Oklahoma, na Februari 2025 akatwaa Super Bowl, fainali ya NFL, na Philadelphia, akiwa mchezaji bora wa mechi. Ninachokikataa ni kumtoa kijana kwa pasi moja mbaya robo ya kwanza na kumrudisha robo ya tatu. Anaanza kurusha kwa woga, anaushika mpira sekunde tatu, nne, na kuangushwa kunaongezeka.

Kwa hiyo mechi mbili za kwanza nazitazama bila kuandika chochote. Kuanzia ya nne hadi ya saba, wapinzani wakiwa na video yake ya kutosha, natazama majaribio ya tatu yenye yadi 7 au zaidi, na ndani yake vitu vitatu. Je, kichwa chake kinamtazama mlinzi wa nyuma baada ya mpira kuanza, au kimeganda kwa mpokeaji mmoja? Je, kukiwa hakuna kitu, anautupa nje, au anazunguka nyuma na kupoteza yadi 15? Je, mtego uliomnasa wiki iliyopita unamnasa tena? Hilo la tatu lina uzito kuliko mengine. Mechi kubwa nyingi huanza saa 1:30 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani. Hadi Oktoba hiyo ni saa 8:30 usiku Afrika Mashariki, na wao wakirudisha saa nyuma Novemba inakuwa saa 9:30. Asiyeweza kukesha atafute marudio, aruke hadi majaribio ya tatu, asimamishe picha kabla mpira haujaanza, ahesabu walinzi wa nyuma, kisha aachie na kutazama kama hesabu inabaki ileile.