Potosí, mji usioota mahindi

Basi la kutoka Sucre, nchini Bolivia, hupanda tu, halipumziki. Njia ni ya takriban kilomita 150, saa tatu hivi, na kila ukichungulia dirishani kuna kitu kimepungua: kwanza mashamba ya mahindi, kisha miti, mwishowe zimebaki nyasi ngumu na udongo mwekundu. Potosí imekaa juu kidogo ya mita 4,000. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ajue kwamba hapa ni juu kuliko kambi ya Horombo, ila hapa kuna makanisa, foleni za magari na watoto wa shule wanaokimbizana na mpira. Mimi nilishuka stendi kichwa kikinigonga. Mama mmoja muuza majani ya koka alinitazama usoni, akacheka, akanipa fungu pamoja na kipande cheusi cha majivu yaliyogandishwa. Unaweka shavuni, unasubiri. Wazee wetu wa pwani wanaotafuna tambuu kwa chokaa wasingehitaji maelezo.

Mlima wa machimbo uliouzaa mji huu, Cerro Rico, unauona kutoka karibu kila kona: umechongoka, una rangi ya kutu, na ubavu wake wote umejaa vifusi. Wahispania walianza kuuchimba mwaka 1545 walipopata habari za madini ya fedha yaliyokuwamo. Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikadiriwa kuwa na watu wapatao 160,000, ukilingana na miji mikubwa ya Ulaya ya wakati huo. Hayo utayasikia kwa kila mwongoza wageni. Kilichonishika mimi ni swali la sokoni: watu wote hao walikula nini?

Maana hapa hapaoti kitu cha kushibisha mji. Nilizunguka soko kuu nikiuliza bidhaa zinatoka wapi. Mahindi na unga vinatoka mabonde ya Cochabamba na Chuquisaca, koka inatoka Yungas, matunda yanatoka popote palipo na joto. Miaka 400 iliyopita majibu yangefanana, ila yangekuwa marefu zaidi. Vitambaa vilitoka hadi Quito. Divai ilitoka mabonde ya kusini mwa Peru, majani ya mate, yanayonywewa kama chai, yalitoka Paraguay. Zebaki ya kusafishia fedha ilichimbwa Huancavelica, Peru, ikashushwa pwani, ikasafiri kwa meli hadi bandari ya Arica, kisha ikapandishwa milimani kwa wanyama. Kwa hiyo anayeiita Potosí mgodi tu ameona nusu. Ilikuwa soko, na soko hilo liliunganisha nchi ambazo leo ni Ekuado, Peru, Bolivia, Chile, Paraguay na Argentina.

Jambo hilo nililiona vizuri zaidi ndani ya Casa de la Moneda, kiwanda cha sarafu kilichokamilika mwaka 1773. Ni jengo kubwa la mawe, kuta nene kama za ngome. Ghorofani kuna mashine za mbao za kubana vipande vya fedha, gurudumu juu ya gurudumu, zimesimama kana kwamba zitaanza kuzunguka muda wowote. Chini yake kuna chumba chenye giza ambamo nyumbu, wale chotara wa punda na farasi, walizunguka mhimili siku nzima. Nyumbu hao walikuzwa kwenye tambarare za Argentina ya leo, wakauzwa kwenye mnada wa Salta, wakaswagwa milimani. Watumwa kutoka Afrika nao walifanya kazi kiwandani. Nilisimama pale chini muda mrefu kuliko mbele ya makabati ya sarafu. Reale, sarafu za fedha zilizogongwa Amerika ya Kihispania, zilizunguka dunia nzima, na katika karne ya 19 pwani yetu nayo ilihesabu mali kwa reale.

Mashimoni waliingizwa wenyeji. Gavana mkuu Francisco de Toledo, katika miaka ya 1570, alipanga kazi ya lazima iliyoitwa mita: vijiji vya mikoa 16, hadi karibu na Cusco, vilitoa mwanamume mmoja kati ya saba kila mwaka. Wengi waliondoka na familia zao, na wapo ambao hawakurudi. Utaratibu huo ulidumu hadi karne ya 19.

Kuna ziara za kuingia migodini. Unanunua koka na baruti za kuwapa wachimbaji, unavaa kofia ngumu, unaingia kuwatazama watu wakihangaika. Nilikataa. Labda wachimbaji wanafaidika kidogo, lakini siwezi kulipa ili nimtazame mtu akivuta vumbi la mawe. Sehemu ya kilele imeshaanza kudidimia kwa kuchimbwa mno, na UNESCO, iliyouweka mji katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, iliuongeza kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2014.

Bado kila mtawala aliutaka mlima huu. Mwaka 1776 Hispania iliiweka Potosí chini ya Buenos Aires, na fedha yake ikaikuza bandari ile. Vita vya uhuru vilipoanza, majeshi ya Buenos Aires yalipanda huku mara kadhaa, na mara zote yakafukuzwa. Simón Bolívar mwenyewe, kiongozi wa vita hivyo vya uhuru, alipanda hadi kileleni Oktoba 1825. Fedha ilipopungua ikaja zamu ya bati, hadi bei ilipoporomoka mwaka 1985 na maelfu wakakosa kazi.

Niliondoka kwa basi la Uyuni. Tulipishana na malori yaliyobeba madini ya zinki na risasi. Jirani yangu wa kiti, mzee mwenye shavu lililotuna kwa koka, aliniambia yanakwenda bandari za Chile. Mojawapo ni Antofagasta, iliyokuwa ya Bolivia kabla ya vita vya 1879. Alilieleza hilo kwa hasira kana kwamba imenyakuliwa wiki iliyopita, akatoa simu anionyeshe ramani.