Siku moja maishani mwangu: sado la maharage na darasa linaloogopa takwimu

Saa 12:00 asubuhi nashuka daladala Mabibo kabla ya kwenda chuoni. Sokoni nanunua maharage na kuazima sado kwa mama niliyemzoea. Nataka ile ndoo yake ya biashara, iliyochubuka, siyo chombo kipya cha dukani. "Leo tena unakwenda kuwafundisha watoto wa watu kuuza maharage?" ananitania. Namjibu ndiyo, tena kwa ada ya chuo kikuu.

Saa 2:00 naingia darasani. Ni wanafunzi wa ualimu, na takwimu kwao ni somo la lazima. Wengi waliagana na hisabati kidato cha 4, wakasoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) wakijua namba hawataziona tena. Sasa zimewafuata huku, na wanachokiwaza ni sapu, mtihani wa marudio.

Siandiki fomula ubaoni. Nawaita watano mbele, kila mmoja ajaze sado kama angekuwa anamuuzia mteja, kisha tunapima kwenye mizani. Wa kwanza anafuta juu kwa kiganja: kilo 3.2. Wa pili 3.4, wa tatu 3.5, wa nne 3.6. Wa mwisho, ambaye mama yake ni muuzaji kweli, anarundika mpaka punje zinamwagika: 3.8. Darasa linapiga kelele, "Lumbesa hiyo!"

Wastani ni 3.5, hilo hawalihangaikii. Nauliza: mteja akirudi kesho, atajali nini? Binti wa muuzaji anadakia, "Madam, atajali mkono. Leo umjazie, kesho umfutie, anahama." Basi huo mkono ndio tunaoupima. Tofauti na wastani ni −0.3, −0.1, 0, 0.1 na 0.3. Tunazipandisha kipeo cha pili na kuzijumlisha: 0.20. Tunagawanya kwa 4, tunatafuta kipeuo cha pili cha 0.05, tunapata kama 0.22. Hapo ndipo naandika "mkengeuko sanifu" ubaoni.

"Mbona 4 na sado zilikuwa 5?" Swali hilo nalisubiri kila mwaka. Naifunika namba ya mwisho kwa kiganja na kuwaambia tofauti zote lazima zijumlike kuwa sifuri. Kimya kidogo, halafu sauti kutoka nyuma: "Iliyofichwa ni 0.3!" Kumbe ya tano haina uhuru, nne za kwanza zimeshaiamulia.

Saa 5:00 ni chai na chapati, na kikao ambacho hakina la kusimulia.

Saa 8:00 anakuja mwanafunzi wangu wa uzamili. Anataka kujua kama ufundishaji unaotumia utamaduni unabadili mtazamo wa wanachuo kuhusu takwimu. Dodoso lake ni lile la Candace Schau na wenzake wa Marekani, toleo la kauli 36, linalojibiwa kwa kipimo cha 1 hadi 7. Nalipenda kwa sababu halichanganyi mambo: hisia, kujiamini, thamani ya somo, ugumu, shauku na juhudi, kila kimoja na alama zake. Mtu anaweza kukubali kwamba takwimu ina faida na bado tumbo likamuuma akiiona kwenye ratiba. Baadhi ya kauli zimegeuzwa kinyume, kwa hiyo aliyejaza 7 kutoka juu hadi chini anajiumbua mwenyewe.

Tatizo ni mpango wake wa kufundisha. Ameandika kwamba ataeleza uwezekano kwa mchezo wa bao. Namuuliza: bahati iko wapi kwenye bao? Mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji anaanza na 22 mkononi, na zote zinahesabika. Hakuna dadu. Anayefungwa kazidiwa hesabu. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji, aliikuta jiometri kwenye vikapu kwa sababu aliutazama ususi wenyewe kwa makini. Kubandika jina la bao juu ya somo ambalo halimo ndani yake ni sawa na kubadilisha machungwa ya John kuwa maembe ya Asha kwenye swali lile lile la hesabu.

Namshauri atumie upatu. Watu 10 wanapiga kura ya nani apokee lini. Je, anayeokota karatasi mwisho ameonewa? Mwenyewe anaanza kubisha kwamba ndiyo, halafu anachukua kalamu. Kabla kura haijaanza, nafasi ya kila mmoja kupokea kwanza ni 1 kwa 10, aokote mwanzo au mwisho. Anaondoka akiendelea kubishana peke yake. Dalili nzuri.

Onyo langu la mwisho kwake: asilijazishe dodoso yeye mwenyewe. Wanafunzi wakimpenda mwalimu watampa alama za mapenzi. Darasa lililochangamka siyo ushahidi kwamba limeelewa. Mtihani nao lazima uwekwe kando ya dodoso.

Saa 11:00 jioni narudisha sado Mabibo. Maharage nakwenda nayo nyumbani.

Saa 3:00 usiku simu inalia. Ni ujumbe wa kiongozi wa darasa: "Shikamoo madam. Samahani, ile ya kugawanya kwa 4 itatoka kwenye mtihani?"

Nimemjibu itatoka.