Kubadilisha kingamatope ya gari la zamani: kazi kubwa iko kwenye vifungio

Gari langu ni la zamani na nimekwisha kuzoea milio yake mingi, isipokuwa mmoja ulionikera kupita kiasi. Kila nilipozungusha usukani hadi mwisho, hasa wakati wa kuegesha, tairi la mbele lilikuwa likikwaruza kitu, na nilipoongeza mwendo kwenye barabara iliyo wazi mkwaruzo huo uligeuka kuwa kishindo kama cha turubai linalopigwa na upepo. Wenye magari yaliyotembea sana watautambua mlio huo mara moja. Ni kingamatope, yaani ile plastiki nyeusi iliyopinda kufuata mviringo wa tairi kwa ndani ya fenda (lile bati la nje linalofunika tairi), ambayo imeachia upande mmoja na kuanza kulilalia tairi.

Plastiki ndiyo hulaumiwa, ilhali mara nyingi ugonjwa huanzia kwenye kifungio kimoja tu. Klipu ya chini, pale kingamatope inapokutana na bampa, hukatika baada ya gari kugonga ukingo wa barabara. Sehemu iliyobaki bila kushikwa hukamata upepo, upepo huvuta klipu inayofuata, na hatimaye plastiki hushuka hadi kwenye tairi, ambalo huila kidogo kidogo mpaka itoboke. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta mpya, ni vyema kuichunguza ile ya zamani na kuona imeharibikia wapi. Tundu likiwa juu kabisa, katikati ya mviringo, washukiwa ni springi iliyochoka au kukatika, au tairi kubwa kuliko lile ambalo gari liliundiwa. Mraruko ukiwa mbele kwa chini, mtu atazame bampa na vishikizo vyake. Kufunga mpya huku chanzo kikiwa palepale ni kulitengea tairi chakula kingine.

Wapo wanaoona njia rahisi ni kuing'oa kabisa na kuendelea na safari. Siungi mkono jambo hilo. Nyuma ya plastiki hiyo mara nyingi hupita nyaya za taa, na hukaa tangi la maji ya kusafishia kioo pamoja na pampu yake; na katika magari mengi yanayovutwa na matairi ya mbele, upande mmoja huwa na mkanda wa alterneta na puli zake. Tairi linalozunguka hurusha maji, mchanga na kokoto kwa nguvu kubwa, na vyote hivyo huishia kwenye vitu nilivyovitaja, bila kusahau mishono ya bati ambako kutu hupenda kuanzia.

Kama ufa ni mmoja na plastiki bado ina uhai, inawezekana kuikarabati. Hata hivyo, gundi za kawaida hazisaidii sana, kwa sababu kingamatope nyingi za plastiki hutengenezwa kwa polipropilini au polithini, ambazo karibu kila gundi huteleza juu yake. Njia inayodumu ni kutoboa kitundu cha milimita 3 hivi mwishoni mwa ufa ili usiendelee kukimbia, kisha kuyeyusha kingo zake kwa chuma cha moto na kuzamisha ndani yake kipande cha wavu mwembamba wa chuma. Kazi hiyo ifanyiwe nje, kwa kuwa moshi wake haufai kuvutwa. Lakini plastiki iliyokauka hadi inakatika kama biskuti inapokunjwa haistahili juhudi hizo, na yangu ilikuwa imefikia hapo.

Katika kununua, jambo la kujihadhari nalo ni kwamba kingamatope hufanana kwa macho na kutofautiana kwa matundu. Ya kulia haiingii kushoto, na katika baadhi ya magari ile ya mbele imegawanywa vipande viwili vinavyouzwa kila kimoja peke yake. Zaidi ya hayo, gari la jina moja linaweza kuwa na bampa za aina mbili, ya kabla na ya baada ya mtengenezaji kubadilisha sura yake, na bampa ikibadilika matundu ya kingamatope nayo hubadilika. Mimi huanza na namba ya kipuri, ambayo kwa kawaida imejitokeza kwenye plastiki yenyewe upande wa ndani, kisha naihakikisha kwa namba ya chasisi. Ya zamani isitupwe hata ikiwa imechakaa namna gani, kwa maana ikilazwa juu ya mpya ndiyo ramani bora ya kuonyesha kila kifungio kinakaa wapi.

Sasa tuje kwenye vifungio, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo kazi yenyewe. Aina inayoonekana zaidi ni klipu ya vipande viwili: mwili wenye miguu midogo, na pini ya katikati ambayo ikisukumwa ndani huitanua miguu hiyo nyuma ya bati. Nyingine pini yake huinuliwa kwa bisibisi ya bapa, nyingine huzungushwa robo mzunguko ndipo ichomoke, na zipo zile zenye meno kama ya msumeno pande zote ambazo ukizitoa humeguka, kwa hiyo hazirudi tena. Klipu isichaguliwe kwa ukubwa wa kichwa chake, jambo ambalo wengi hulifanya, bali kwa kipenyo cha tundu la kwenye bati, ambalo aghalabu huwa kati ya milimita 6 na 10. Urefu wa mguu nao ni muhimu: pale ambapo kingamatope, bampa na kikinga cha chini ya injini hukutana, klipu inapaswa kupita katika tabaka tatu, na ile fupi itakaa kwa muda tu kisha iruke. Klipu sahihi huingia kwa kusukumwa na kidole gumba, hulia mara moja pini inapozama, na ukijaribu kuichezesha haitikisiki.

Nashauri zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima. Klipu iliyokaa kwenye joto na matope kwa miaka mingi hupoteza ule mnyumbuko unaoifanya ibane, na bei yake ni ndogo mno kulinganisha na usumbufu wa kurudia kazi. Vivyo hivyo kwa zile nati za plastiki za pembe nne zinazopokea skrubu, na zile za bati jembamba zilizokunjwa ambazo huvishwa kwenye ukingo wa chuma.

Gari liwe mahali tambarare, breki ya mkono imevutwa na kabari zimewekwa kwenye matairi yanayobaki chini. Nati za tairi zilegezwe kidogo kabla ya kuinua, na baada ya kuinua stendi iwekwe chini ya sehemu imara iliyokusudiwa. Jeki ni ya kuinulia tu. Wengine hupindisha usukani na kufanya kazi tairi likiwa bado limefungwa, nami sioni faida ya kujibana hivyo wakati dakika chache za kulitoa humpa mtu nafasi ya kuona kila kitu.

Vichwa vya skrubu visafishwe kwanza kwa brashi hadi mkato wake uonekane, kwa sababu bisibisi inayokaa juu ya tope ndiyo huharibu kichwa. Mafuta ya kulegeza kutu yapewe muda wa kupenya. Skrubu ikizunguka bila kutoka, ujue nati ya plastiki inazunguka pamoja nayo, na dawa yake ni kuingiza bisibisi ya bapa chini ya kichwa na kukivuta nje huku ukiendelea kufungua. Ikigoma kabisa, kata kichwa chake, kwani nati hiyo ilikuwa ibadilishwe vyovyote vile. Vifungio vya juu vibaki wa mwisho, ili plastiki isikuangukie usoni na matope yake yote.

Na matope yatakuwapo. Kwenye pembe ya chini ya fenda, karibu na mlango, kuna mfuko ambao hukusanya udongo na majani makavu, na udongo huo hubaki na unyevu muda mrefu baada ya mvua kukatika. Hapo ndipo fenda huoza kutoka ndani, na rangi inapoanza kuvimba kwa nje kutu inakuwa imekwisha kufanya kazi yake. Nilikwangua tope lililoshikamana kama saruji, nikaosha kwa maji yasiyo na msukumo mkali ili yasiingie kwenye viungo vya nyaya, kisha nikapiga msasa madoa ya kutu hadi kwenye chuma safi. Ilifuata praima yenye zinki, kisha rangi, na mwisho nta ya kuzuia kutu kwenye mishono. Mahali hapo pakauke kabisa kabla ya kufunikwa. Pia ni wakati mzuri wa kuangalia kama njia za maji yanayoshuka kutoka chini ya kioo cha mbele hazijazibwa, kwa sababu katika magari mengi hutokea papo hapo.

Kingamatope mpya mara nyingi hufika ikiwa imekunjwa ndani ya kifurushi, nayo hukumbuka mkunjo huo. Ilazwe juani hadi ilainike, ndipo ikubali kupindishwa bila kupasuka. Huingizwa kwa kuibana kidogo ili ipite juu ya springi, ukingo wake wa nje ukae ndani ya mkunjo wa fenda, kisha hushikizwa kifungio cha juu katikati kwanza. Vingine vyote viwekwe kwa kulegea, na pasiwe na kinachokazwa mpaka kila kimoja kimepata tundu lake. Ikiwa tundu limepishana kwa milimita chache, jambo la kawaida kwa vipuri visivyo vya mtengenezaji wa gari, panua tundu la kwenye plastiki. Usitoboe bati, kwa kuwa chuma kilichoachwa wazi ni mwaliko kwa kutu, na huwezi kujua ni waya gani umelala nyuma yake. Skrubu zipakwe grisi kidogo na kukazwa kwa mkono tu, maana nguvu ikizidi nati ya plastiki hung'oka. Kamba za plastiki za kufungia nyaya zinafaa kukufikisha nyumbani, si zaidi ya hapo.

Kabla ya kurudisha tairi, zungusha usukani pande zote mbili na uhakikishe bomba la breki na waya wa sensa ya tairi havijabanwa popote. Nati za tairi hukazwa kwa kuruka kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa magari mengi madogo huwa karibu na nyutoni mita 100 hadi 120, na hukaguliwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Gari likishashuka, rudia kuzungusha usukani, kwani uzito hubadilisha nafasi iliyopo kati ya tairi na plastiki. Mimi humalizia kwa kupaka chaki kwenye uso wa ndani wa kingamatope na kuliendesha gari polepole kwenye matuta na kona kali. Palipofutika panaonyesha tairi bado linagusa wapi, na hapo huanza kwa kukagua klipu iliyo karibu zaidi.