Dera moja, video moja, majukwaa manne

Wauzaji wengi wa madera hupiga video, huiweka TikTok, kisha huipakua ileile ikiwa na nembo ya TikTok na kuirusha Instagram, Facebook na stetasi ya WhatsApp. Watazamaji wanakuja, wanunuzi hawaji. Video hiyo haikuandaliwa kwa ajili ya jukwaa lolote kati ya hayo mengine, na aliyelipenda dera hajui ashike njia gani ili alipate.

Anza na video safi, isiyo na maandishi wala muziki, ibaki kwenye simu iwe mama wa nyingine zote. Simu isimame wima, ubora uwe 1080p, fremu 30 kwa sekunde. Futa kioo cha kamera kwanza, kwa sababu mafuta ya vidole huleta ukungu, na watu huisingizia simu. Piga mchana karibu na dirisha au mlango ulio wazi, taa za dukani zizime. Balbu ya njano hugeuza rangi, na mteja wa Dodoma aliyeona bluu akaletewa zambarau atalirudisha.

Sekunde 25 hadi 30 zinatosha. Tatu za mwanzo dera liwe limevaliwa na mvaaji anatembea, kwa sababu likiwa kwenye henga halionyeshi linavyomwagika. Kisha sogea karibu: nakshi za kifuani, mshono wa ubavuni, na hapo ingiza mkono ndani ya kitambaa, kiganja kielekee dirishani, mtu aone kama vidole vinaonekana kwa nje. Swali la "linaonyesha?" huulizwa kila siku, na jibu lake ni sekunde nne za video. Malizia na futi kamba: urefu kutoka begani hadi chini, na upana wa kifua. Neno "frisaizi" halimsaidii mwanamke mrefu.

Kama unapigia simu moja na kuhariri kwenye nyingine, usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, itabanwa na kupoteza ubora. Itume kama hati. Ukimaliza kuhariri CapCut, futa kile kipande cha mwisho chenye jina la programu kabla ya kuhifadhi.

Sasa kila jukwaa lipate nakala yake. Kwa TikTok, maandishi yakae katikati ya skrini, maana kulia kuna vitufe na chini kuna maelezo vinavyoyafunika. Kwenye maelezo andika maneno ambayo mteja angeyatafuta: "madera ya shughuli Kariakoo, yanafika inchi 60" yana kazi kuliko mlolongo wa emoji. Kwa Instagram, pandisha upya faili safi. Tangu 2021 Instagram ilieleza wazi kwamba Reels, yaani video zake fupi, zenye nembo ya programu nyingine haitazipendekeza sana kwa watu wapya, na hao ndio unaowatafuta. Picha ya kava nayo hukatwa juu na chini inapokaa kwenye ukurasa wako, kwa hiyo jina la bidhaa liwe katikati. Facebook nakala ya Instagram inafaa, ila kwenye magrupu soma kanuni kwanza, mengine hufuta tangazo lolote.

Muziki unawaponza wengi. Akaunti ya biashara TikTok hupewa maktaba ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa biashara tu, na ukibandika Bongo Fleva inayovuma, sauti inaweza kuzimwa kwa sababu ya hakimiliki. Zungumza mwenyewe. Sauti ya muuzaji anayeijua bidhaa yake, akitaja kitambaa na bei, inauza.

Bei itajwe, tena mapema. "Bei inbox" inamchosha mnunuzi wa kweli na kukujazia maswali ya watu waliotaka kujua tu. Andika: 25,000, Dar boda analipia mteja, mikoani tunatuma kwa basi.

Mauzo yenyewe hufungwa WhatsApp, kwa hiyo njia zote zielekee huko. Tengeneza linki ya wa.me/2557XXXXXXXX, namba ianze na 255 bila alama ya kujumlisha wala sifuri. Ukiandika 07 haifunguki, na mteja hatakuambia, ataondoka. Mwishoni ongeza ?text=Nimeona%20TikTok (hiyo %20 ni nafasi kati ya maneno), na ile ya Instagram iseme Instagram. Ujumbe utakuja umeshaandikwa, na baada ya mwezi utajua ni jukwaa gani linaleta oda na lipi linaleta "likes" tupu. Kwenye maelezo ya posti ya Instagram linki haibonyezeki, iweke kwenye bio.

Stetasi ina sharti moja linalosahauliwa: haionekani kwa mteja ambaye hajahifadhi namba yako, na wewe pia uwe umehifadhi yake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp (broadcast list), inayobeba watu 256, nayo huwafikia waliokuhifadhi tu. Basi kila anayelipa mwambie palepale, "Dada, nihifadhi, mzigo mpya naweka stetasi." Na kwa kuwa stetasi hufutika baada ya saa 24, dera hilohilo liingie pia kwenye katalogi ya WhatsApp Business, likiwa na bei na vipimo, ili anayeuliza Jumanne kuhusu ulichoweka Jumapili atumiwe kitu kimoja tu.

Picha ya mteja aliyevaa dera lako usiiweke bila ridhaa yake, hata kama amekutumia mwenyewe kwa furaha. Muulize kwa maandishi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na Kenya ina yake ya 2019.

Pesa ya kulipia tangazo weka kwenye posti ambayo tayari inaleta maulizo bila kulipiwa. Posti iliyolala, tangazo huionyesha kwa watu wengi zaidi watakaoipita.

Dera likiisha, rudi kwenye video yake. TikTok inaweza kuisambaza video wiki kadhaa baada ya kuiweka, kwa hiyo bandika juu komenti isemayo "Rangi hii imeisha, zilizobaki ziko kwenye katalogi," kisha liondoe kwenye katalogi siku hiyohiyo.